Bawa la Bata

Banda la Thirza, juu ya Penrith, kalenda bado ni ya Novemba.
Anamwinua pora kwenye taa;
uzito wake haufiki makopo mawili ya maharage.

"Kifua cheusi, mgongo wa fedha,
na hapa, ona, mstari wa buluu:
bawa la bata. Yule mweupe wa mabega mekundu
ana jina lake pia. Baba alilijua.
Mimi humwita maziwa na kutu."

Kijana mnunuzi anaandika yote.
Macho? Mekundu. Miguu? Kijani cha zeituni.
Na tabia?

Thirza anacheka, anavua glavu,
anaonyesha kovu la kidole gumba.
"Si la jogoo hili. Ni la mtetea yule wa rangi ya ngano,
anayelalia mayai matatu kama anayalipia kodi.
Jogoo mwekundu, kuchi hasa, kipi kama msumari,
hunisinzilia begani taarifa ya habari ikisomwa."

Kijana anafuta neno. Anaandika. Anafuta.
Nje theluji imeanza.
Pora anadonoa kifungo cha koti lake,
mara moja, taratibu, kama anayepiga hodi.

"Huyo," anasema Thirza, "bado hajaamua."