Hezi Themanini

Saa tisa na robo usiku, Attercliffe, Sheffield,
juu ya duka la mazulia. Theluji iliyotangazwa imekataa kuja,
imebaki mvua tu, ile nyembamba
ambayo hata kipaza sauti changu hakiisikii.

Mbele yangu wimbi la sauti limelala kwenye kioo.
Siku hizi mawimbi hayana mabonde.
Nyimbo mpya zinaletwa zimebanwa kama matofali,
nyekundu kutoka mwanzo hadi mwisho,
na Gemma, meneja wetu, amebandika karatasi ukutani:
DIBAJI ISIZIDI SEKUNDE TANO. MSIKILIZAJI ANAKIMBIA.

Anakimbilia wapi, Gemma, saa tisa za usiku?

Programu mpya inajipangia nyimbo yenyewe.
Inajua nani kabonyeza nini, nani karuka nini.
Nimeilisha santuri ya baba, bendi ya Tanga,
niliyoinakili kwa mkono wangu, mikwaruzo na yote.
Ikanijibu kwa herufi za kijivu: *dibaji ndefu mno*.
Sekunde tisini na mbili za gitaa la besi
likitembea peke yake
kama mtu anayetafuta funguo mfuko baada ya mfuko,
bila haraka, na tarumbeta zinamngoja ndani.

Kila Alhamisi simu inalia. Dennis Oldroyd.
Miaka thelathini na mmoja mbele ya nyundo ya kufulia chuma,
na hakuna aliyempa hata pamba ya masikio.
"Sauti nyembamba zote zimekufa, kipenzi,"
ananipigia kelele, kana kwamba kiziwi ni mimi.
Filimbi kwake ni uvumi.
Ndege wa bustanini anawaona wakifungua midomo.
"Ile ya kwenu, yenye besi. Ipige yote, usikate.
Redio naiweka mezani, viganja juu yake."

*Ile ya kwenu*. Haelewi neno hata moja,
na mimi ninayeyaelewa yote
sijawahi kuuweka mkono wangu mahali alipouweka yeye.

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa.
Wahenga hawakujaribu besi.

Basi usiku huu nimefungua kisawazishi.
Nikashusha tarumbeta (nisamehe, baba),
nikashusha matoazi, nikamtuma mwimbaji chumba cha pili,
nikaipandisha hezi themanini, desibeli nne, kisha sita,
nikalegeza kibano, noti zikaachiana nafasi.
Halafu nikavua vipokea sauti,
nikaziba masikio kwa vipande vya sponji
na kuiegemeza mikono kwenye spika.

Sekunde ya sitini na moja, kitu kikanigonga kiganjani.
Si gitaa. Nikarudisha nyuma.
Mguu. Mguu wa mtu juu ya sakafu ya mbao,
akijihesabia, moja, mbili, tatu, nne,
asipotee.
Nimeishi na wimbo huu tangu nikiwa na meno ya utoto
na mguu ule ulikuwa humo siku zote.

Nikaupiga saa kumi kasoro dakika ishirini.
Kwenye kioo, kihesabu cha wasikilizaji wa mtandaoni:
kumi na mmoja. Sekunde ya saba, tisa.
Ya thelathini, wanne.
Ya tisini, sifuri, duara safi kama sahani iliyooshwa.
Asubuhi Gemma ataizungushia kalamu nyekundu,
na atakuwa na haki yake: namba ni namba.
Redio ya Dennis ni ya betri. Haihesabiwi na mtu.

Tarumbeta zilipoingia, simu ikawaka taa.

"Kuna mtu anapiga mguu," alisema,
kwa mara ya kwanza bila kupiga kelele.
"Ni nani yule?"

Nikainua jalada, nikaligeuza chini ya taa ya meza.
Wameandikwa waimbaji tu.