Hedifoni za Lari Themanini

Lari mia na kumi, na hapo nimeshajinyima:
mwezi mzima sikuonja kahawa ya nje,
buti nimejishonea kwa uzi wa kuvulia samaki.
Gesi inadai thelathini. Zilizobaki hesabu wewe.

Tbilisi, Februari. Ghorofa ya tatu,
kuta nyembamba kama chapati ya mchoyo.
Nutsa wangu analala hatua mbili kutoka mezani,
mguu nje ya blanketi.
Spika ni za wenye nyumba zenye milango.

Nikashuka kwa Malkhazi, kwenye njia ya chini ya barabara,
kibanda kati ya fundi saa na mwuza soksi,
wimbo wangu kwenye simu, mikono imekufa ganzi.

Za kwanza: mpya, nyeusi, boksi linang'aa.
Loo! Besi ikanijaa kifuani,
sauti yangu ikapata asali ambayo sikuzaliwa nayo.
Nikazivua haraka.
Namjua anayesifu namna hiyo.
Niliishi naye miaka minne.

Za pili: wazi mgongoni, kama kapu la kusuka.
Hewa inaingia, hewa inatoka,
kila chombo kimepata kiti na pa kunyoosha miguu.
Nikafumba macho.
Nilipoyafumbua, fundi saa anagonga kidole kwa ngoma yangu
na mwuza soksi amegeuka kututazama.
Zinavuja. Nutsa angeamka kabla ya kiitikio.
"Tena zina omu mia mbili na hamsini," akasema Malkhazi,
"kikompyuta chako kitazivuta kama punda avutaye treni."
Bei sikuuliza. Ilikuwa usoni mwake.

Za tatu alizitoa droo ya chini,
kati ya betri na rimoti zilizofiwa na televisheni zao.
Zimeziba masikio vizuri, lakini ngozi inapukutika,
waya umeviringwa utepe wa buluu wa fundi umeme.
"Zilitoka kituo cha redio," akasema. "Hazimpendi mtu.
Themanini."

Wimbo uleule.
Aibu.

Katikati kumejaa tope.
Panduri imekaa juu ya maneno kama paka juu ya gazeti,
kila "s" yangu inaruka kama mafuta kikaangoni,
na friji, friji yangu mwenyewe!
inaguna ubeti wa pili wote.
Na nyuma ya friji, kitu kingine.

Du. Du.
Kimya.
Du.

Nikarudisha nyuma. Nikarudisha tena.
Slipa. Juu ya dari.
Bibi Guliko wa ghorofa ya nne,
ambaye tangu tuhamie hajaitikia salamu yangu ngazini.
Saa nane za usiku, na hatembei ovyo:
nikipunguza mwendo, anapunguza;
pale kidole kilipojikwaa kwenye uzi
anasimama,
ananingoja nianze upya.

"Vipi?" Malkhazi akauliza, akiona nimeduwaa.
Nikaomba apunguze kumi. Akapunguza tano,
akanitupia sponji mbili, nyeusi moja, ya kijivu moja.
Gesi itapata thelathini na tano, na barua ya kushukuru.

Usiku huu nimefagia. Friji nimeitoa,
tope nimelikata, "s" nimezilainisha.
Hatua bado zipo. Kidole kimezunguka kitufe
kama nzi juu ya jamu, hakikutua.

Nikainua upande mmoja nipumzishe sikio.
Juu, slipa zimekuja hadi usawa wa meza yangu,
zimesimama. Hazirudi.
Nimekaa saa tatu nzima na muziki kichwani
na yeye huko juu, hana kitu.

Nikamfunika Nutsa mguu.
Nikashusha sauti hadi ukingoni mwa kusikika.
Kisha lari zangu sabini na tano,
usiku wa kwanza kabisa,
nikazichomoa waya.