Doa la Mkwe

Mkono wa Mama Foibe uliteleza
pale mjomba wetu alipotaja ng'ombe kumi na wawili.
Glasi ikaenda chini, haikuvunjika.
Divai ya Bihawana, ile ya chupa isiyo na lebo,
ikatambaa juu ya zulia kama mtu anayetafuta pa kukaa.
"Aa, si kitu, si kitu," nikasema,
nikatupa kanga juu yake
kama wafanyavyo kwa aliyegongwa barabarani.

Si kitu ni neno la mgeni akiwapo.
Akishaondoka, ni kitu.

Kwanza chumvi. Nilimwaga nusu pakiti,
ikanywa, ikageuka waridi, ikashiba.
Nikaifagia. Doa lilikuwa limepungua kidogo tu,
kama deni linalolipwa kwa sarafu.

Maji Nkuhungu hutoka Jumanne usiku.
Ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa na ndoo tatu,
ya kupikia, ya kuogea, na ya uani,
na doa halijui mgao.
Nikachota kikombe kimoja. Kikombe cha pili.
Cha tatu nikakinywa mwenyewe, kwa hasira.

Jirani yangu Mwajabu akaleta magadi:
"Haya yamelainisha maharage ya mama yangu Kondoa
miaka yote, yatashindwaje na divai?"
Tukanyunyiza. Tukainama kutazama.
Jamani, doa likawa bluu!
Bluu ya wino wa shule, bluu ya jicho lililokula ngumi.
Mwajabu akarudi nyuma hatua mbili, akasema audhubillahi,
akakumbuka ameacha sufuria jikoni.

Nikakamua limau: likarudi jekundu.
Magadi: bluu. Limau: jekundu.
Nilikaa pale sakafuni, mwanamke wa miaka hamsini na nne,
nikicheza na doa kama mtoto na swichi ya taa,
hadi limau likaisha
na nikagundua nimekuwa nikicheka peke yangu.

Sechelela akapiga simu: "Mama, geuza zulia,
ile pembe iingie chini ya kabati."
Hajui. Doa liko katikati, mbele ya kiti kikubwa,
pale pale mkwewe atakapoweka miguu Jumamosi ya wiki ijayo
atakapokuja kumalizia maneno ya ng'ombe
(tumeshuka hadi nane).
Sikuwa nasugua kwa ajili ya zulia.
Nilisugua ili mama wa watu asije akaona
mkono wake ule umelala sebuleni kwangu,
bado unatetemeka.

Jumanne maji yalikuja saa nane usiku,
yakikohoa hewa bombani.
Niliamka. Sabuni ya kipande, siki vijiko viwili,
brashi ya viatu ya baba Sechelela, ambaye havai viatu tena,
kutoka pembeni kwenda kati,
usisugue, gonga; usisugue, gonga.
Nyuzi za zulia zikajiandika magotini.
Adhana ya alfajiri ilinikuta nagonga.
Kulipopambazuka niliona zulia lina unyevu,
na doa halipo.

Jumamosi Mama Foibe aliingia ameinamisha macho,
nikajua anatafuta. Alitafuta tangu mlangoni,
akaketi, akanyoosha mguu taratibu
kama mtu anayepima kina cha mto.
Mguu ukasimama.
Hapo palikuwa na kiraka cheupe, duara la sinia,
weupe wa maziwa yasiyochujwa,
na pande zote kukizunguka miaka yetu tisa
ya vumbi jekundu, la upepo wa Agosti usiobisha hodi,
vumbi nililokuwa nikiliita rangi ya zulia.

Aliinama, akapapasa.
"Kumbe," akasema, bila ubaya wowote,
"zulia lenu ni jeupe."

Mjomba akakohoa. Mimi nikaenda jikoni
kutazama chai ambayo nilikuwa sijaibandika.