Tabakero

Mimi sivuti. Kifua changu hakitaki hata moshi wa kuni.
Lakini kabatini nina vikasha vinne vya sigara, vya fedha,
kiko kisicho mdomo, na kiberiti cha mafuta
chenye jogoo wa enameli aliyebanduka jicho.
Mke wangu huviita makaburi ya mapafu ya watu.

Mwaka korosho zilipokosa bei
Bi Somoe Nampoto wa Mtanda aliniita.
Akafunua kitambaa: tabakero,
pana kama kiganja cha mtoto,
buluu ya kifuniko imeingia nyufa,
na herufi mbili zisizo za jina la mtu wa kwao.
"Baba alikuwa karani wa mkonge, Kikwetu.
Alipewa, au aliokota. Hakusema, hatukuuliza."

Nikataja bei.
Akaongeza elfu kumi. Nikakubali upesi mno,
naye akajua nimemlalia.

"Ngoja," akasema.
Akafungua, akaukung'utia ugoro uliobaki
kwenye pindo la kanga,
akagonga kitako kwa ukucha, mara mbili, tatu,
akapiga fundo pale watu wafungapo pesa.
Pesa zangu akaziacha mkekani.
Kisha akapiga chafya.
"Shikamoo, baba," akasema,
wala hakuwa akinitazama mimi.

Nyumbani nimesugua kwa majivu na ndimu
hadi kifuniko kikanirudishia uso wangu.
Ndani sijagusa.
Usiku mwingine naamka, nafungua,
nanusa.
Fedha tupu.