Leo Kuna Samaki

Mlango wa nyumba yangu una sentimita sabini na mbili.
Nilianzia hapo. Kabla ya bei, kabla ya rangi,
nilipima mlango, kisha kerio ya baiskeli,
kisha mgongo wangu, ambao hauna kipimo
ila siku za mvua hunitajia umri wake.

Kyungu, fundi wa kuchomelea pale Katuba,
alinitolea mtumbwi wa bati nene.
"Huu utakuzika," akasema, akijisifu.
Nikaunyanyua upande mmoja. Nikauachia.
Kweli ungenizika,
tena kabla sijayaona maji.

Soko la Kenya nikaukuta wa mpira,
umekunjwa mfukoni kama blanketi la mgeni.
Muuzaji akaupiga pampu kwa mguu,
ukavimba, ukasimama, njano kama kifaranga,
na mimi moyo ukavimba nao.
Nikauliza: na miiba ya kambale?
Akanitazama
kama mtu aliyetaja talaka siku ya harusi.

Nusu ya pipa nayo nililijaribu,
kwenye shimo la wafyatua matofali, Ruashi.
Lilinigeuka kama shemeji mwenye deni.
Watoto wakacheka. Mmoja akanirudishia kofia,
akadai faranga mia mbili za kuiokoa.

Utaniuliza, mashua ya nini?
Kabwita, mwenye mabwawa upande wa Kafubu,
naye aliniuliza: "Mzee, maji yenyewe ni ya kiunoni."
Ya kiunoni, ndiyo.
Matope ndiyo hayana mwisho.
Na ukingoni matete hula ndoano zangu,
nne kwa asubuhi moja, tano,
huku samaki wamekaa katikati
kama wenye nyumba, mimi kama mdai
asiyefunguliwa.

Siku tatu Kapinga alinisikiliza nikipima.
Siku ya nne akaenda nyuma ya jiko,
akarudi na kibao cha malewa yake,
ile aliyoifunga walipopanua barabara.
Tripleksi nzuri, iliyopakwa mafuta pande zote,
herufi nyekundu alizozichora mwenyewe:
LEO KUNA SAMAKI.
Akakiegemeza ukutani. Akapangusa vumbi kwa kitenge.
"Kata," akasema.
"Ila maneno usiyakate."

Basi nikatengeneza masanduku mawili,
moja dogo kidogo, liingie ndani ya mwenzake,
boliti nne za kuyaunganisha, lami kwenye mishono.
LEO KUNA likabaki kwenye dogo, la mbele.
SAMAKI likaenda nyuma, kwenye kubwa,
ninapokalia.
Kilo kumi na tisa kwa mizani ya muuza makala.
Mlangoni lilipita, likabakiza vidole viwili.

Njiani, sanduku ndani ya sanduku,
watu waliona neno moja tu juu ya kerio.
Mama mmoja akanifuata hadi mzunguko,
beseni kichwani, anapaza sauti:
"Baba Samaki! Unauza bei gani?"
Nikamwambia bado wako majini.
"Basi kwa nini unatangaza?"
Sikuwa na jibu. Nilikanyaga pedali.

Bwawani nikakaza boliti, nikaingia mguu mmoja,
nikaomba, nikaingia wa pili.
Likatikisika. Likanikubali.
Maji yalipenya kidogo karibu na boliti ya tatu,
nikayachota kwa kopo la maziwa, polepole,
kama mtu anayezoea nyumba mpya.
Chini yangu herufi zilisimama kichwa chini
na kupe za majani zikapita juu yake.
Hadi saa sita hakuna kilichogusa.
Nikafikiri: labda samaki wanajua kusoma.

Saa tisa nilikuwa na tilapia wanne
na kambale mmoja, urefu wa mkono wangu,
ambaye miiba yake ilikwaruza mbao
na mbao haikusema kitu.

Jioni Kapinga aliyaegemeza masanduku yakauke,
moja kando ya lingine, yakitazama barabara.
Sijui kama alikusudia.
Bukari ilikuwa haijasongwa bado
pale jirani alipobisha,
sahani yake mwenyewe mkononi.