Sweta la Tusekile

Leo siku ya tisa sweta liko kambani,
kamba yenyewe tumeihamishia ndani, juu ya mafiga,
na bado ukilikamua linalia.

Hapa Isyonje mvua hainyeshi, inakaa.
Inaingia kama mgeni asiye na safari,
inavua viatu, inauliza kama kuna chai.
Upepo nao unashuka Kitulo bila hodi;
juzi umeng'oa bati la jikoni kwa Mwakalobo
ukalitupa kwenye viazi vya watu.

Kuni zinatoa moshi, hazitoi moto.
Nimepuliza mpaka macho yakawa mekundu,
mume wangu akaniuliza nani kafariki.

Usiku naliweka sweta chini ya godoro,
nalilalia kama kuku.
Asubuhi limepata joto langu, ukavu halikupata.

Mwalimu kasema darasa linanuka moshi.
Basi na linuke.

Tusekile kalivaa hivyo hivyo, bichi,
kasisimka kama jogoo aliyemwagiwa maji,
kakimbia kilima chote hadi shule,
malori ya viazi yakimpita na matope yake.

Saa kumi karudi.
Nikagusa mgongo wake kabla sijaitikia shikamoo:
pakavu.
Kwapani, pakavu. Hata mikono ya sweta,
hata ule mshono mnene wa shingoni.

Siku tisa za jiko na godoro,
kumbe lilikuwa linamsubiri mwenye nalo.

"Livue," nikamwambia, "livue upesi tulifiche,"
na juu ya bati: ta.
Ta, ta.