Marejeo

Daktari Nyamizi Luhende amekuja na karatasi kumi na tisa,
orodha ya yote aliyoandika, imebanwa pini kwenye kona.
Ameketi kwenye kigoda changu hapa Sikonge,
viatu vimegeuka rangi kwa vumbi la njia ya Ipole,
ananisomea kama katibu asomavyo hesabu za chama cha msingi:
makala sitini na moja. Sura nane ndani ya vitabu.
Wanafunzi aliowatoa; mmoja yuko nchi ya theluji,
naye sasa ana wanafunzi.

"Na hii," kidole juu ya mstari,
"imerejelewa mara elfu moja mia mbili na arobaini."
Kurejelewa ndiyo nini?
"Mtu anaandika lake, lakini kwanza anasema: alitangulia Luhende."
Nikaelewa. Hata sisi hatukwei mkurungu
bila kumtaja aliyetundika mzinga wa kwanza.

Makala hiyo naijua. Nimo ndani.
Miaka kumi na moja iliyopita, chumba cha kupanga Isevya,
feni imekufa, pazia limeshikizwa misumari,
alinivika kofia ya nyaya, akanitia mafuta baridi utosini.
Nikacheka. Akaniambia nisicheke,
kicheko kinachafua mawimbi.

Picha za miti, mia mbili.
"Mzinga wako upo hapa? Bonyeza. Haupo? Tulia."
Nilikosa tatu.
Nikapewa soda, elfu kumi, na nauli ya kurudi,
nikaweka dole gumba palipotakiwa jina.

Ndani ya makala sina jina. Ni Mshiriki wa 14,
mwanamume, mrina asali, miaka hamsini na miwili
(ilikuwa hamsini na sita, sikutaka kubishana).
Mchoro wa tatu una mstari wangu:
unatambaa, unatambaa,
halafu unaruka kama mbuzi aliyekanyaga siafu,
kisha unashuka polepole, kwa aibu.
Siku hizi mruko ule una jina, tena refu.
Wanaufundisha. Wanagombana juu yake
katika miji ninayoisikia redioni wakati wa mpira tu.
Wanasema: hapo ubongo umeitambua njia.

Binti Luhende, nikamwambia, leo acha nikueleze.
Haikuwa njia.
Picha ya mia na tisa ilikuwa mtundu uliopinda, ng'ambo ya mto Wala.
Mzinga wangu haupo pale. Haujawahi kuwapo.
Pale alisimama Kabula, mke wangu, usiku wa Mei,
kashika kienge, moshi unamtoa machozi,
ananitukana kwa sauti ya chini
nyuki wa mti wa pili wasisikie,
maana nilisahau kamba.
Alifariki Juni ile ile. Wewe ulikuja Agosti.
Nikabonyeza: upo.

Ndilo moja ya makosa yangu matatu.

Hakusema neno. Kuku akapita juu ya karatasi ya saba.
Nilidhani ataikunja orodha yake aende.
Mwezi ujao wanamjadili uprofesa, alishanidokeza,
na mtu akikuta mchwa kwenye nguzo ya kati
si lazima awaite majirani.

Akageuza karatasi ya mwisho, upande mtupu.
Akaandika: Kabula. Akauliza jina la baba yake.
Akauliza ile kamba niliyosahau, ya katani au ya gome?
Ya gome, nikasema. Gome la myombo,
aliisokota mwenyewe, ndiyo maana ya matusi.
Akaandika na matusi.

"Safari hii nikuandikeje?" akaniuliza. "Kwa jina?"
Nikafikiri.
Akina Mihayo Kasubi hapa Sikonge tuko wanne,
mmoja mwizi wa baiskeli.
Lakini Kumi na Nne ni mimi peke yangu.

Iache namba, nikamwambia.
Miaka ndiyo urekebishe.